Shangazi, Mjomba na Mtani: Asili ya Majina ya Udugu katika Njia ya Misafara ya Tabora

Burton na Speke walipofika Kazeh mnamo Novemba 1857, walikuta kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu katika nchi ya Unyanyembe. Eneo hilo, ambamo leo imo kata ya Ipuli ya Manispaa ya Tabora, lilipokea Kiswahili pamoja na misafara ya pembe za ndovu. Maneno mengi ya biashara na dini yaliyokuja nacho yalikuwa na asili ya Kiarabu. Majina ya udugu yana historia tofauti, na ndani yake limo suala zito: mtoto ni wa nani?

Neno "shangazi" halikuazimwa. Huchanganuliwa katika sehemu mbili za Kibantu: mzizi wa kale wenye maana ya baba, na "-kazi", yaani jinsi ya kike, unaosikika pia katika "mkaza mwana". Shangazi, basi, ni baba wa kike. Kiswidi kina "faster", mkato wa maneno yenye maana ya dada wa baba, na "moster", dada wa mama. Kiswidi hueleza njia ya damu. Kibantu humpa dada wa baba cheo cha baba mwenyewe. Kiarabu nacho kilileta "ami" na "halati", lakini havikuweza kuiondoa "baba mdogo" wala "mama mkubwa".

Mjomba ndiye mwenye uzito zaidi Unyamwezi. Abrahams (1967) anaeleza ndoa za namna mbili: ya kukwa, iliyolipiwa mahari, na ya butende, isiyolipiwa. Watoto wa butende walihesabiwa upande wa mama, hivyo dai la mjomba juu yao lilikuwa la kisheria, si la mapenzi tu. Hata utemi, katika baadhi ya himaya, ulirithiwa na mtoto wa dada kabla ya kuhamia kwa wana wa mtemi. (Pwani ya kaskazini neno hilo lilivuka mipaka ya ukoo kabisa: Wamijikenda waliwaita Waswahili "Ajomba".)

Misafara ilipanua udugu kwa njia ya utani. Mzaha uliozoeleka baina ya babu na mjukuu, au mabinamu, uligeuka kuwa mkataba baina ya Wanyamwezi na makabila ya njiani, wakiwamo Wazaramo. Rockel (2006) anauhusisha na maisha ya wapagazi. Mpagazi aliyefia ugenini alihitaji wa kumzika, na mtani alibeba wajibu huo.

Siku hizi "anko" na "anti" zimeenea mijini. Chimbuko la "anko", kupitia Kiingereza na Kifaransa, ni neno la Kilatini lililomhusu kaka wa mama peke yake, yaani mjomba. Kidenishi nacho kilipokea "onkel" kikabaki na "farbror" na "morbror" kando yake. Katika Kiswahili cha mjini "anko" humtaja kaka wa baba na kaka wa mama vilevile, na anayelisikia hawezi kujua kwa neno hilo pekee ni yupi kati yao aliyekuwa na dai juu ya mtoto wa butende.