Mpanda Farasi wa Shaba: Jina la Sanamu na Shairi Lililoizaa

Wengi hudhani kuwa Aleksandr Pushkin alilitwaa jina la shairi lake kutoka kwa sanamu mashuhuri ya mjini St Petersburg. Kwa kweli mambo yalikuwa kinyume. Sanamu ya Kaisari Peter wa Kwanza, kazi ya Mfaransa Falconet, ilipozinduliwa mwaka 1782, ilikuwa na maandishi mafupi tu katika jabali lake, kwa Kirusi upande mmoja na kwa Kilatini upande wa pili, yakitaja kwamba ni heshima ya Catherine wa Pili kwa Peter wa Kwanza. Jina la “Mpanda Farasi wa Shaba” lilikuja na shairi lililotungwa mwaka 1833.

Shairi hilo lahusu mafuriko ya 1824. Evgeny, karani maskini, ampoteza mchumba wake majini, arukwa na akili, kisha aitishia sanamu ya kaisari aliyejenga mji mahali pa hatari namna ile. Usiku huohuo sanamu yamfukuza.

Yafaa tuyatazame maneno mawili. La kwanza ni *mednyi*, sifa itokanayo na jina la shaba nyekundu. Farasi aitwa wa *bronza*, neno la kigeni. Bali mpandaji aitwa kwa neno la kale, na jina lake kamili halitokei katika beti mpaka mbio zianzapo. Waingereza walipofasiri jina hilo kwa neno lao la bronzi, tofauti hii ilipotea. Neno letu “shaba” (na hapa Kiswahili kina bahati) lachukua maana zote mbili.

La pili ni *kumir*, yaani sanamu iabudiwayo. Kaisari Nicholas wa Kwanza, aliyejifanya mkaguzi wa maandishi ya Pushkin, alilitia alama ya kulikataa pamoja na mahali pengine. Mshairi alianza kusahihisha mwaka 1836, akaacha. Akafa mapema mwaka 1837, na shairi likachapwa mwaka huohuo katika jarida la *Sovremennik*, likiwa limebadilishwa na rafiki yake Zhukovsky. Kwa maoni yangu kaisari alisoma vema kuliko wahakiki wengi: sifa zote za Peter katika dibaji hazikumdanganya.

Andrei Bely, katika riwaya yake *Petersburg* (1913–1914), alimpandisha mpanda farasi ngazi hadi chumbani kwa mwanamapinduzi Dudkin, akammiminia madini yaliyoyeyuka mishipani. Baadaye Dudkin aonekana amemkalia mtu aliyemwua, mkono ameunyosha mbele, kama Peter juu ya jabali lake.