Miezi ya kusubiri chuo: toka JKT ya mama mkubwa hadi kiangazi cha Whitehall

Najua nimekuwa kimya. Zamu za usiku zimenibana, nikirudi asubuhi nalala mpaka alasiri. Leo nimepumzika, niko kibarazani hapa Whitehall, kamji kalikozungukwa na jiji la Columbus. Saa 3 usiku ndiyo kwanza jua linazama! Shule zimefungwa, watoto wa majirani wamejaa mtaani.

Juzi binti wa dada yangu, aliyemaliza kidato cha 6 mwezi Mei na anataka kusomea uuguzi, kaniandikia: "Ma'mdogo, nimeitwa JKT. Wenzangu wanasema ni kupoteza muda, bora nikae nyumbani nisubiri chuo. Unasemaje?" Nikamwambia nitajibu hapa, na wengine msome. Ila kwanza historia kidogo, maana swali hilo limemzidi umri.

JKT ilianza tarehe 10 Julai 1963, na vijana walikwenda kwa kujitolea. Mwaka 1966 serikali ikaamua kuwa wahitimu wa kidato cha 6 na wa vyuo waende kwa lazima: miaka 2, sehemu kambini na sehemu kazini, huku wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Wasomi wakawaka! Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar waliandamana mpaka Ikulu, wengine na mabango ya kusema afadhali enzi za mkoloni. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, kisha akawaka kuliko wao. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa wakarudishwa makwao, na mshahara wake mwenyewe akaupunguza kwa asilimia 20. Wengi wao walirudishwa chuoni baadaye.

Mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma. Kutoka shule moja kwa moja mpaka chuo kikuu kukakoma: kwanza JKT, halafu kazi, ndipo chuo, tena uwe na sifa njema toka kwa mwajiri na chama. Masharti hayo yalilegezwa baadaye. Mama mkubwa wetu ni wa zama hizo, alikwenda Ruvu. Anasema wiki ya kwanza alilia kila usiku. Lakini huko ndiko alikojua kupikia mamia ya watu, na mpaka leo ana shoga yake wa Kigoma waliyelala naye bweni moja.

Mwaka 1994 mafunzo hayo ya lazima yalisitishwa, yakarudi 2013. Mimi nikaangukia katikati! Nilimaliza Februari 2010, chuo kikafunguliwa Oktoba. Miezi 8 nilifanya nini? Dada ni shahidi: kuangalia tamthilia na kusubiri matokeo. Sasa niwaambie ambalo sikuwahi kuwaambia. Siku ya kwanza ya mazoezi wodini niliona kidonda, nikatoka nje nikatapika. Usiku ule nilifungasha nguo nirudi nyumbani. Sikuwa nimewahi kumshika mgonjwa hata mara moja, na ada mlishachanga.

Huku nako wana historia yao. Mwaka 1944, wakati wa vita, wasichana wa sekondari ya East Orange, New Jersey, walijishonea aproni za mistari myekundu na myeupe wakaenda kusaidia hospitalini. Mtindo ukaenea nchi nzima. Aproni zimepitwa na wakati, ila vijana bado wanakuja kila kiangazi, wanagawa maji na kusukuma viti vya magurudumu. Mmoja aliniambia baada ya wiki 3 kwamba udaktari hautaki tena. Nikampongeza! Kajua mapema, bila ada.

Si wote wanaoweza kujitolea. Kijana wa jirani anapanga bidhaa dukani na mshahara wake unasaidia kodi ya nyumba. Huyo naye hajapoteza kiangazi chake.

Basi mwanangu, jibu langu ni nenda. Wale wa 1966 hawakuwa wajinga, kijana ana haki ya kuuliza jasho lake linamfaidia nani. Lakini mama mkubwa, wale wasichana wa aproni na huyu kijana wa dukani wana kitu ambacho mimi nilikikosa miezi 8 yote: asubuhi kulikuwa na mtu anayewasubiri, na wasipofika kazi inalala. Ukitoka kambini, wiki zitakazobaki nenda zahanati ya hapo mtaani, omba hata kupanga mafaili na kukaa na wagonjwa foleni. Ukitapika, utapikie huko, kabla hatujachanga!

Dada, mnunulie raba nzuri, acha kulia. Mama mkubwa nisalimieni sana. Kesho zamu saa 1 usiku, naenda kulala. Tuonane tena hapa.