Hifadhi Hai na Jirani wa Msitu

Mwaka 1971 UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, sayansi na utamaduni, lilianzisha mpango wa Binadamu na Hifadhi Hai, na mwaka 1976 hifadhi za kwanza zikatangazwa. Jina lenyewe linamtanguliza binadamu: hapa mwanakijiji si mgeni ndani ya mipaka.

Kila hifadhi hai hugawanywa katika kanda tatu. Ya kwanza ni kiini, ambacho sheria ya nchi hukilinda kikamilifu ili viumbe wazaliane bila kusumbuliwa. Kiini huzungukwa na ukanda wa kinga, unaoruhusu shughuli zisizokidhuru, kama vile ufugaji wa nyuki, utafiti na utalii. Nje yake uko ukanda wa mpito, wenye vijiji, mashamba na masoko. UNESCO hutoa hadhi tu. Ardhi hubaki chini ya nchi husika.

Tuitazame Usambara Mashariki, mkoani Tanga, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2000. Katika kiini chake umo msitu wa Amani, uliofanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Milima hii ina vinyonga, vyura na ndege walio adimu mno duniani, na ndiyo chimbuko la Mto Zigi, unaowapatia maji wakazi wa jiji la Tanga. Mwamini wa mjini anayedhani kwamba msitu si habari yake, na afungue bomba.

Lakini misitu hiyo imekatwa vipande na mashamba ya chai na ya wanakijiji. Wanyama waliofungiwa katika kipande kidogo huzaliana wao kwa wao, na kizazi chao hudhoofika. Ndiyo sababu ushoroba wa Derema ulitengwa, uiunganishe misitu. Wakulima waliokuwa na iliki chini ya miti ile waliachishwa mashamba yao kwa fidia, nayo fidia ikalalamikiwa. Hatusemi kwamba ushoroba ulikuwa kosa. Papa Fransisko, katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, namba 35, anazitaja shoroba miongoni mwa njia za kupunguza madhara kwa viumbe. Ila waraka huohuo hautenganishi kilio cha dunia na kilio cha maskini, na mkulima aliyeiacha iliki yake ameilipia hifadhi kuliko sisi sote.

Karibu na Amani, wanakijiji wengine walifuga vipepeo na kuuza pupa nje ya nchi. Kwa kuwa viwavi hula majani ya mimea ya msituni, msitu ukapata walinzi wasioajiriwa na mtu. Marufuku ya mwaka 2016 ya kusafirisha nje wanyamapori hai ilikikata kipato hicho.

Kila baada ya miaka 10 hifadhi hai hufanyiwa tathmini. Parokia zilizo jirani nazo zina haki ya kuuliza, kupitia serikali za vijiji, kama wananchi walishirikishwa katika kupanga mipaka, na kama fidia ililipwa kabla ya shamba kufungwa.