Fela Sowande, Mpiga Kinanda na Kiongozi wa Muziki

Wasikilizaji wetu wa Gorong'a, nanyi nyote mkaao kati ya mto Mara na mpaka wa Kenya, mwaijua iritungu. Nyuzi zake ni nane tu, nazo zamtosha fundi kuwasifu mashujaa na ng'ombe hata kukucha. Leo twawaletea habari za mtu aliyejifunza piano, yaani kinanda kikubwa cha Ulaya chenye vibao 88 vya kubonyeza, na nyuzi zaidi ya 200 tumboni mwake. Kila kibao kikibonyezwa, nyundo ndogo iliyovikwa sufu huzipiga nyuzi. Mtu huyo alikuwa Mwafrika, Myoruba wa Nijeria, jina lake Fela Sowande.

Alizaliwa mwaka wa 1905. Baba yake, Emmanuel Sowande, alikuwa kasisi na mwalimu, tena mmoja wa wale wa kwanza waliojishughulisha na nyimbo za kanisa kwa lugha ya Kiyoruba. Kijana akaimba katika kwaya ya kanisa kuu la Lagos, chini ya fundi mkubwa Thomas Ekundayo Phillips, ambaye ndiye aliyemfundisha kinanda.

Hapa yatupasa kusimama kidogo, maana jambo la Phillips ndilo mzizi wa habari hii. Katika Kiyoruba, neno moja hubadili maana kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Tukiandika igba, mtu aweza kusoma mia mbili, au wakati, au kibuyu, kwa kadiri sauti inavyokwenda. Basi wamisheni walipochukua tuni za Kiingereza na kuyatia maneno ya Kiyoruba juu yake, tuni ilipanda pale ambapo neno lilitaka kushuka, na maana ikaharibika. Waumini wakawa wakiimba maneno yaliyopotoka mbele za Mungu. Phillips alishughulika sana na ubaya huu, akataka tuni ifuate lugha. Wakuria wataelewa upesi, kwa kuwa nao lugha yao hupandisha na kushusha sauti. Na aliyepata kuimba tenzi zilizofasiriwa ajua jinsi neno linavyoweza kuvunjwa shingo na tuni.

Mwaka wa 1934 Sowande alikwenda London, nia yake kusomea uhandisi. Riziki ikamvuta upande mwingine. Alipiga piano na kinanda usiku katika vilabu vya dansi, akaongoza bendi yake mwenyewe, na santuri zikatolewa ambamo alimpigia kinanda mwimbaji Adelaide Hall, Mmarekani mweusi aliyesifika sana siku zile. Mwaka wa 1936 alipiga piano katika Rhapsody in Blue ya George Gershwin. Wako waliodhani kuwa mwanamuziki wa dansi hawezi kuwa mtu wa elimu. Sowande alisoma huku akifanya kazi, na mwaka wa 1943 akashinda mtihani wa juu kabisa wa Chuo cha Kifalme cha Wapiga Vinanda, akapata na tuzo tatu za mtihani huo. Toka 1945 hata 1952 alikuwa mpiga kinanda na kiongozi wa kwaya katika Kingsway Hall, jumba la Wamethodisti katikati ya London.

Wakati wa vita aliwekwa kuangalia muziki wa filamu za serikali zilizotengenezwa kwa ajili ya makoloni. Kazi hiyo ilimrudisha kwenye nyimbo za kwao. Mwaka wa 1944 akatunga African Suite, muziki wa fidla na kinubi wenye sehemu tano. Sehemu ya kwanza yatokana na tuni ya Ephraim Amu wa Ghana. Ya pili yasema hamu ya mtu aliye mbali na kwao. Ya mwisho, iitwayo Akinla, ina mwendo wa dansi ya pwani ya magharibi.

Alirudi Nijeria mwaka wa 1953 kuongoza idara ya muziki ya redio ya nchi hiyo. Alitafuta wazee wajuao nyimbo na mashairi ya kale, akarikodi sauti zao. Nijeria ilipopata uhuru mwaka wa 1960, aliitungia Folk Symphony, ambayo baadaye ilipigwa New York na okestra kubwa ya mji huo.

Hakukosa watu wa kumlaumu. Walisema Mwafrika mwenye kuandikia fidla amewaiga Wazungu na kuacha ngoma za babu zake. Yeye alikataa kabisa kwamba Mwafrika afungiwe katika mambo ya Kiafrika peke yake, maana huo ni ubaguzi ule ule ulioingia katika sanaa. Nasi twaona alikuwa na haki. Iritungu haikosi heshima kwa kuwa mtoto wa Tarime amejifunza piano. Hukosa heshima pale asipokuwapo wa kuipiga.

Toka 1968 alifundisha Marekani: kwanza Howard, kisha Pittsburgh, na mwisho Kent State. Akafa mjini Ravenna, Ohio, mwezi wa Machi 1987. Huko Kanada, Akinla ilikuwa ikitumiwa kama muziki wa kipindi cha santuri cha Clyde Gilmour katika redio ya taifa, kipindi kilichoanza 1956. Na watu wakaendelea kuisikia mpaka kipindi kilipokoma mwaka wa 1997.