Patografu katika mafunzo ya ukunga, Singida

Patografu ni chati ya kufuatilia mwenendo wa uchungu wa uzazi. Philpott na Castle waliikuza mwaka 1972 huko Rhodesia, sasa Zimbabwe. Mkoani Singida, wauguzi wakunga hufunzwa mjini Itigi, katika chuo cha Mtakatifu Gaspar kinachoambatana na hospitali ya jina hilo.

Ujuzi wa kutumia patografu huingia kwa mikono na masikio. Kila nusu saa mwanafunzi huweka kiganja tumboni mwa mama na kuhesabu mikazo ndani ya dakika 10, kisha husikiliza moyo wa mtoto kwa pembe ya Pinard. Kawaida ni mapigo 110 hadi 160 kwa dakika. Upanukaji wa mlango wa kizazi hupimwa kila baada ya saa 4. Kosa baya kuliko yote ni kujaza chati mtoto akishazaliwa, maana haimwokoi mtu tena. Mwalimu makini hudai uamuzi, hasa mstari wa tahadhari wa chati, unaoashiria kuwa uchungu unachelewa, unapovukwa: kutoka zahanati ya kijijini, safari ya rufaa yaweza kuwa ndefu.

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa chati mpya, inayohesabu uchungu kamili kuanzia upanukaji wa sentimita 5 badala ya 4.