Nyasi za uani pale kisima kina chumvi

Likoni na Kisauni wengi tuna kisima, lakini maji yake mara nyingi yana chumvi. Yale matamu ya mkokoteni hununuliwa kwa dumu. Kuyamwagia nyasi ni israfu. Basi panda ukoka, huvumilia jua na chumvi kiasi. Tandaza kwanza samadi iliyooza, maana mchanga haushiki maji. Chomeka vipande vyenye mizizi kila shibiri moja, masika yanapoanza, mvua ikumwagilie. Usikate hadi mchanga uonekane. Jua la kaskazi litaunguza mizizi. Kivuli? Mvinje, mbali na msingi wa nyumba. Ndio ulioanza kufunika machimbo ya Bamburi mwaka 1971, palipo Haller Park leo. Changamwe, kwenye udongo mzito, chimba mtaro kwanza.