Nani alishika penseli? Daftari la Grant kutoka Bagamoyo

Najua wengi mko kwenye timed tests na vichwa vimejaa, lakini naomba dakika zenu tano. Wiki hii chumbani kwetu tumebishana mpaka usiku wa manane juu ya swali moja: mchoro wa msafiri ni chanzo cha historia kama ilivyo barua au hati, au ni pambo la kitabu tu? Jamaa mmoja anasema pambo. Mimi nasema ni chanzo, ila kina masharti yake. Na mfano wangu unaanzia hapo Bagamoyo, kilomita kama 70 tu kutoka Dar.

Tukitaja wageni waliopita Bagamoyo karne ya 19, majina yanatutoka haraka haraka: Burton, Speke, Stanley, na Livingstone ambaye maiti yake ililetwa hapo mwaka 1874. Aliyeshika penseli hatumtaji. Huyo ni James Augustus Grant, Mskoti aliyezaliwa Nairn mwaka 1827, afisa wa jeshi la Waingereza kule India. Mwaka 1857 alijeruhiwa mkono katika mapigano ya Lucknow. Miaka mitatu baadaye akaanza kujaza daftari la picha Afrika Mashariki.

Speke ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara. Walivuka kutoka Unguja mwishoni mwa Septemba 1860, na mwanzoni mwa Oktoba wakaondoka Bagamoyo kupitia Uzaramo, wakifuata mto Kingani, yaani Ruvu yetu ya leo. Januari 1861 walikuwa Kaze, ndiyo Tabora.

Sasa sikilizeni. Mpango wa mwanzo haukuwa kuchora. Grant alikuja na kamera, na Unguja alipiga picha nayo. Lakini enzi hizo ukishapiga picha lazima uisafishe mwenyewe gizani, na giza lake lilikuwa ndani ya kihema kilichofungwa pande zote, kwenye joto la pwani. Speke akaona hii kazi itamuua mwenzake. Kamera ikawekwa kando, ikabaki penseli na rangi za maji. Leo michoro hiyo, zaidi ya mia, imehifadhiwa Maktaba ya Taifa ya Scotland mjini Edinburgh. Yaani tunaposema daftari la picha ni jambo la wasanii wenye nafasi, tukumbuke hili lilizaliwa kwa sababu teknolojia ilishindwa na jua la pwani.

Na hakuchora akiwa mzima wakati wote. Alipofika Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwishoni mwa 1861, mguu ulimvimba na kutoka vidonda, asiweze kutembea. Januari 1862 Speke alimwacha hapo akaendelea Buganda. Grant alikaa mpaka Aprili, na alipoondoka alibebwa kwa machela. Mtu asiyeweza kwenda kutafuta mambo anabaki kuangalia yaliyo mbele yake: watu, ng'ombe, mimea. Mimea hasa aliipenda, na aliikusanya njia nzima.

Hapo jamaa yangu akasema, "Si umeona? Huyo ni shahidi, mambo yamekwisha." Hapana bwana, hayajaisha. Kuna masharti matatu.

La kwanza: mchoraji alikuwepo? Picha inayobeba jina la safari hii kuliko zote ni ya maporomoko ya Ripon, pale Nile inapotoka ziwani. Speke alifika hapo tarehe 28 Julai 1862. Grant hakuwepo, Speke alikuwa amempeleka njia nyingine kuelekea Bunyoro. Mchoraji wa msafara hakuiona siku kubwa ya msafara. Na sisi hatuwezi kwenda kuhakikisha, maana maporomoko yenyewe yalizama baada ya bwawa la Owen Falls kukamilika mwaka 1954.

La pili: ni mchoro wa daftari au wa kitabu? Kitabu cha Speke kilitoka mwaka 1863, na picha zake nyingi zinatokana na michoro ya Grant. Lakini hazikuruka moja kwa moja kutoka daftarini. Mchoraji wa London, Johann Baptist Zwecker, alizichora upya, kisha zikachongwa kwenye mbao ndipo zichapwe. Sisi tungesema Zwecker alidesa. Na mnajua desa lilivyo: likipita mikono miwili mitatu, maneno ya mwalimu na ya mnakili yanachanganyika, huwezi tena kuyatenga. Kwa hiyo ukikuta picha ya kitabuni imebandikwa kwenye kitabu cha shule, usikimbilie kusema "hivi ndivyo walivyovaa". Uliza kwanza daftari lilikuwa na nini.

La tatu ndilo linaloniuma: jina la aliyechorwa liko wapi? Msafara ule haukutembea kwa miguu ya wazungu wawili. Alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekamatwa utotoni akauzwa utumwani, akaishi India, akarudi pwani akiwa mtu huru. Aliongozana na Burton na Speke mwaka 1857, akarudi na Speke na Grant, baadaye akaenda na Stanley na Cameron. Walikuwepo Mabruki, Baraka, Uledi na wapagazi wengi ambao hata jina moja hatuna. Kumi na wanane walifika mpaka Cairo mwaka 1863 na hapo wakapigwa picha. Bombay alipewa nishani ya fedha na Royal Geographical Society mwaka 1876, lakini ilichukua mpaka 2009 jumuiya hiyo hiyo kuandaa maonyesho maalumu juu ya watu wa aina yake.

Mtu atasema, sawa, wao walisafiri na daftari, sisi tulikuwa wabeba mizigo tu. Si kweli hata kidogo. Bagamoyo hiyo hiyo ilitoa msafiri wake aliyekwenda nje na kalamu: Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda. Aliandika habari za safari yake ya Udoe na Uzigua, zikachapwa mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli. Kitabu hicho kina pia safari ya Salim bin Abakari mpaka Urusi na Siberia! Mtoro alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na maandishi yake ndiyo msingi wa Desturi za Wasuaheli, 1903. Na jina lililokaa juu ya kitabu? Carl Velten, Mjerumani aliyekihariri. Jina la Mtoro lilipata nafasi yake kwenye jalada ilipotoka tafsiri ya Kiingereza mwaka 1981.

Mwaka 1905 Mtoro alipanda meli kurudi nyumbani na mke wake Mjerumani. Serikali ya kikoloni haikuwaruhusu kukaa, wakarudishwa Ujerumani, na huko ndiko alikofia mwaka 1927. Grant alichora pwani yetu akarudi kwao Scotland na daftari lake. Mtoro aliiandika pwani yake mwenyewe akafungiwa mlango wa kurudi. Ningetoa boom langu lote nione ukurasa mmoja ambao Mtoro angechora mitaa ya Berlin, jinsi Wajerumani walivyomwangalia na yeye alivyowaangalia.

Kwa hiyo jibu langu kwa wale wa chumbani ni hili: mchoro ni chanzo, tena kizuri, kama unajua nani alishika penseli, alisimama wapi, na nani alidesa baada yake. Na ninyi mnaokwenda Norway na kwingineko kwa mabadilishano ya wanafunzi, simu mnazo, sawa, lakini bebeni na daftari. Chora hata kama mkono wako mbovu kama wangu. Chini ya kila mchoro weka tarehe, mahali, na jina la mtu uliyemchora. Hasa jina. Muulize namna ya kuliandika.

Haya, nakimbilia maktaba. Timed test ya Jumatatu hainisubiri.